Ukikarabati nyumba, anza na umeme



Hapa Ilula kiangazi ndio msimu wa kujenga. Nyanya zimeuzwa, vitunguu vimepakiwa, hela kidogo imeingia, na kila mtaa una sauti ya nyundo. Huyu anabadilisha bati, yule anaongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, mwingine anachomelea geti, mwingine anafunga pampu ya kumwagilia bustani. Wote wanakimbizana na mvua za mwisho wa mwaka. Ni jambo jema. Nyumba kavu, yenye madirisha makubwa na sakafu safi, inapunguza kikohozi na kuhara kuliko dawa nyingi ninazoandika.

Lakini msimu huu ndio pia ninaoletewa watu waliopigwa shoti. Wengi wao hawajawahi kupanda nguzo ya TANESCO. Ni baba aliyekuwa akitoboa ukuta, kijana saidia fundi aliyebeba ngazi ya chuma, mama aliyeanika nguo kwenye waya uliofungwa kwenye bati, mtoto aliyekuta soketi imefunguliwa ili ukuta upakwe rangi.

Leo naomba tukubaliane jambo moja: ukarabati wa nyumba uanze na umeme, kabla ya rangi, kabla ya jipsamu, kabla ya vigae. Kwa magonjwa mengi nina dawa kabatini. Kwa shoti, dawa kubwa iko kwenye swichi kuu ya nyumba yako, na ikishindikana pale, mimi huku nabaki na kidogo sana cha kukusaidia.

Wagonjwa wawili

Nitawasimulia wagonjwa wawili. Nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike.

Wa kwanza ni baba wa watoto watatu. Alikuwa anaongeza chumba, akaamua kuhamisha soketi mwenyewe. Alizima swichi ya ukutani, akaamini umeme haupo. Waya ulimshika mkono. Alisema alijaribu kuuachia akashindwa, hadi mwanawe mkubwa alipokimbia kuzima swichi kuu. Alikuja kliniki akitembea kwa miguu yake, na hata hivyo alikuja kwa sababu mke wake alimlazimisha. Kidoleni alikuwa na kidonda kidogo kama punje ya harage, na kingine kwenye unyayo. Akaniambia, "Daktari, nipe dawa ya kupaka niwahi, mafundi wananisubiri."

Nilimlaza. Asubuhi iliyofuata mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Misuli iliyoungua ndani ya mkono ilikuwa inamwaga uchafu wake kwenye damu, na figo zilikuwa zinaanza kuziba. Tulimpa maji mengi ya mshipani, tukamfuatilia kwa karibu, akapona. Angebaki nyumbani na dawa ya kupaka, huenda nisingekuwa nasimulia hivi.

Wa pili ni kijana ambaye hata ndevu hazijamkolea. Alikuwa saidia fundi kwenye nyumba inayoezekwa. Ngazi ya chuma aliyokuwa anaihamisha iligusa waya. Waliokuwepo walimwondoa salama, wakaanza kutafuta usafiri. Aliletwa kwa pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili waliomshikilia, kichwa kimelala begani kwa mwenzake. Alipofika hakuwa na mapigo. Nilimuuliza kila aliyemsindikiza kama kuna mtu aliyemkandamiza kifua pale chini ya ngazi, au njiani. Hakuna. Hawakujua kwamba kuna kitu cha kufanya zaidi ya kumwahisha hospitali. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Ndiyo maana naandika.

Umeme unamfanya nini mtu

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Watu wanaogopa neno volti, ila kinachoua ni kiasi cha umeme kinachopita mwilini, ambacho tunakipima kwa miliampia. Balbu ya zamani ya wati 60 inavuta kama miliampia 260. Sasa linganisha: miliampia 10 hivi zinatosha kuikunja misuli ya mkono ushindwe kuachia waya. Miliampia 30 na kuendelea, zikipita kifuani, zinaweza kusimamisha pumzi na kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo sehemu ndogo tu ya umeme unaowasha balbu moja inatosha kuua mtu mzima mwenye afya.

Moyo unapiga kwa amri za umeme wake mdogo wa ndani. Umeme wa nje ukiingia, amri zinachanganyika. Moyo unabaki unatetemeka bila kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache tu unaanza kuharibika. Ndiyo sababu dakika za mwanzo ni za majirani na ndugu, hata kama hospitali iko karibu.

Ngozi kavu inaupinga umeme kwa kiasi fulani. Ngozi yenye jasho, saruji mbichi au maji haina upinzani huo. Fikiria sasa mtu aliye kwenye ukarabati: amelowa jasho, amesimama kwenye udongo uliomwagiwa maji, mikono imejaa lipu, amevaa kandambili. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote za kukutana na waya uliochubuka. Kandambili si kinga.

Jambo la mwisho: shoti inaunguza ndani kuliko nje. Kidonda unachokiona ni mlango tu ambao umeme umeingilia au kutokea. Katikati ya milango hiyo kuna misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Usipime madhara kwa ukubwa wa kidonda.

Breka inalinda waya, sio wewe

Watu wengi wananiambia, "Daktari, nyumba yangu ina breka, ikitokea shida inajizima." Hapa pana kutoelewana ambako kumegharimu maisha ya watu.

Breka ya kawaida ya soketi, tuseme ya ampia 20, imewekwa ili waya usipate moto ukateketeza nyumba. Ampia 20 ni sawa na miliampia 20,000. Wewe unaweza kufa kwa miliampia 30 au 100, na breka hiyo isitikisike, kwa sababu kwake hicho ni kiasi kidogo kuliko cha pasi ya nguo.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine. Mafundi wanakiita RCD au RCCB. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Kikiona kuna umeme unaopotelea pembeni, kwa mfano kupitia mwili wako kwenda ardhini, kinakata mara moja, kabla moyo haujavurugika. Cha nyumbani kiwe cha miliampia 30. Utakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza, umeme wa nyumba ukatike. Usipokatika, kifaa kimekufa au hakikufungwa sawasawa, na huna ulinzi. Nenda kakibonyeze leo, halafu uwe unafanya hivyo kila mwezi. Kama kwako hakipo, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kununua kabla ya ndoo ya rangi.

Mwenzake wa kifaa hiki ni ethi, yaani waya unaoshuka hadi kwenye fimbo ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini, usikusubiri wewe kwenye mlango wa friji au bomba la pampu. Wakati wa ukarabati fimbo hii inateseka sana: inang'olewa kupisha msingi, waya wake unakatwa na sepetu, au unaibwa kwa ajili ya shaba. Taa zinaendelea kuwaka kama kawaida, hivyo hakuna anayegundua.

Ukigusa friji, bomba, ukuta uliolowa au dirisha la chuma ukahisi vichomi kama ganzi, usizoee. Katika kazi yangu tunaita hiyo dalili. Nyumba inaumwa. Zima swichi kuu, ita fundi.

Nyumba imekua, umeme haujakua

Vijiji vingi vya Kilolo vimepata umeme kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na kwa gharama ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000 kaya nyingi zimeaga kibatari. Kwa mapafu na macho ya watoto, hiyo ni baraka. Wengine walianza na kile kifaa kinachoitwa UMETA, Umeme Tayari, kinachomwezesha mwenye nyumba ndogo kutumia umeme bila kusuka nyaya nyumba nzima.

Siku ya kuunganishwa, umeme wako ulikuwa wa taa chache na kuchaji simu. Tangu hapo umeongeza vyumba, friji, pasi, televisheni, hita ya kuchemshia maji maana baridi ya huku unaijua, na sasa pampu. Je, nyaya nazo ziliongezwa na fundi? Katika nyumba nyingi nilizoingia, chumba kipya kinapata umeme kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani, au waya mwembamba uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa mfuko wa plastiki. Ekstensheni ni ya kutumia ukarudisha. Ikishakaa mwaka mzima chini ya zulia, imegeuka kuwa mtego.

Ukarabati ndio nafasi nzuri ya kurekebisha haya, kwa sababu kuta na dari ziko wazi. Ukishapiga lipu na kufunga jipsamu, nyaya mbovu zinazikwa ndani. Atakayezikuta ni mtu mwenye drili, miaka mitano baadaye, anayetaka kutundika picha ya harusi.

Kabla hujagusa

Yule baba wa kwanza alifanya kosa la kawaida sana: aliamini swichi ya ukutani. Swichi ile inakata waya mmoja tu, na kama fundi aliyepita aliukosea, taa inazimika huku umeme ukibaki palepale. Kwa kazi yoyote inayogusa soketi, swichi, taa, au ukuta wenye nyaya ndani, fuata haya kwa mpangilio.

Kwanza, zima swichi kuu. Waambie wote waliomo ndani, bandika karatasi, na ikiwezekana muweke mtu mzima asimamie. Mtoto anayetaka kuangalia katuni anaweza kuiwasha bila kujua.

Pili, hakikisha. Ipime testa yako kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, ndipo uzime na kupima unapotaka kugusa. Testa iliyokufa haisemi uongo kwa makusudi, ila matokeo ni yaleyale.

Tatu, kumbuka vyanzo vingine. Nyumba yenye sola na inveta, au jenereta, inaweza kuwa na umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Zima vyote.

Nne, usifanye kazi kwa kutegemea umeme uliokatika. Nasikia sana, "Umeme umekatika, ngoja nirekebishe chapuchapu," au, "Uniti za LUKU zimeisha, hakuna hatari." Umeme ukirudi haupigi hodi. Na mwenzako aliyeko mjini anaweza kununua uniti akakutumia namba kwa simu, mtoto akaziingiza, wewe ukiwa na waya mkononi.

Unapotumia drili, grenda au mashine ya kuchomelea, kagua waya wake wote kwanza. Ukichubuka, usiufunge kwa selotepu, badilisha. Usiukate mguu wa tatu wa plagi ili uingie kwenye soketi, maana mara nyingi ndio wenye ethi. Usitumie mashine ya umeme ukiwa umesimama kwenye maji au mvua ikinyesha.

Uani na bustanini

Nje ya nyumba hatari ni nyingine. Nyaya za njia kubwa, zile za volti 11,000 na 33,000, hazina ganda la kukukinga. Umeme wake unaweza kuruka hewani ukakufikia kabla hujazigusa. Nondo ya mita 12 ikisimamishwa wima inazifikia nyaya nyingi za mtaani. Vivyo hivyo ngazi ya chuma, bomba la antena, bati refu na mti wa kuchumia parachichi.

Kabla ya kupandisha chochote kirefu, inua macho uangalie juu. Beba nondo na ngazi zikiwa zimelala, watu wawili. Tumia ngazi ya mbao karibu na nyaya, tena kavu. Mti uliofikia nyaya usiukate mwenyewe, hata kama ni wako. Toa taarifa TANESCO. Usijenge choo, banda wala chumba cha kupangisha chini ya njia ya umeme. Kiwanja hicho ni rahisi kwa sababu kila mtu anakikwepa.

Kamba ya kuanikia nguo iwe ya katani au plastiki, na isifungwe kwenye bati, kwenye nguzo ya umeme wala kwenye chuma kinachoshika waya unaoingia ndani. Waya huo ukichubuliwa na ukingo wa bati, paa zima linakuwa na umeme, na kamba ya chuma inauleta hadi kwenye mikono iliyolowa.

Pampu ya kumwagilia iwe na RCD yake, na usiiguse wala kuihamisha ikiwa inawaka. Kwa wafugaji wa kuku, taa ya kuwapa vifaranga joto ifungwe kwa mnyororo imara juu ya maranda, isining'inizwe kwa waya wake. Ikianguka, banda linaungua, na mara nyingi banda limeegemea nyumba wanamolala watu. Na tafadhali, usiunganishe uzio wa bustani na umeme wa nyumba ili kuzuia wezi wa vitunguu. Uzio huo hautachagua. Utamkamata mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Kwa wazazi

Mtoto ana ngozi nyororo na mwili mdogo, na hana woga. Wakati wa ukarabati soketi zinaachwa wazi, nyaya zinalala sakafuni, mafundi wanaacha mashine zikiwa zimechomekwa wanapokwenda kula. Wahamishie watoto wadogo kwa bibi au jirani siku ya kazi ya umeme. Isipowezekana, fungeni chumba kinachofanyiwa kazi. Kila jioni, kabla fundi hajaondoka, pita naye chumba kwa chumba: pasiwe na waya ulio wazi.

Mtoto mchanga anayetambaa hupenda kuuma waya. Akiungua mdomoni, mlete hospitali hata kama kidonda ni kidogo na ameacha kulia. Kovu la pembe ya mdomo linaweza kubanduka baada ya siku kadhaa, kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na mshipa wa damu uliopo chini yake ukatoka damu nyingi. Mzazi aliyeambiwa mapema anajua kubana pembe hiyo ya mdomo kwa vidole, ndani na nje, akimkimbiza hospitali.

Mtu akipigwa shoti

Hapa naomba usome taratibu, na ukimaliza umsomee mwingine.

Usimguse. Ukimshika akiwa bado kwenye umeme, mnakuwa wawili. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Kama haiwezekani na ni umeme wa nyumbani, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama ubao au rundo la magazeti, umsukume au uusukume waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki.

Kama ni waya wa njia kubwa, usisogee kabisa. Kaa mbali angalau mita 10, zuia watu, piga simu TANESCO wazime. Ardhi yenyewe pale ina umeme. Ukijikuta tayari uko karibu, ondoka kwa kuburuza miguu iliyobanana, bila kupiga hatua ndefu. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa na waya, baki humo hadi umeme uzimwe, isipokuwa gari likishika moto.

Akishakuwa salama, muite, mtikise bega, angalia kama kifua kinapanda. Kama haitikii na hapumui vizuri, piga kelele za msaada, mtu mmoja atafute usafiri, na wewe anza kukandamiza kifua hapohapo. Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja kimoja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha mikono, kandamiza chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto, kandamiza kiasi cha theluthi moja ya unene wa kifua chake. Kama umefundishwa, mpe pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30. Kama hukufundishwa, kandamiza tu. Badilishaneni mkichoka, na msiache hata mkiwa kwenye gari. Ndiyo maana tafuteni gari ambalo mtu anaweza kulala chali. Kwenye pikipiki hakuna anayeweza kumkandamiza kifua.

Aliyeungua, umeme ukishazimwa na akiwa anapumua, apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete, saa na bangili kabla hajavimba. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga, yai, mafuta na asali visiguse kidonda. Kama ameanguka kutoka juu, usimkunje shingo wala mgongo.

Nani lazima aje

Aliyeguswa kidogo na umeme wa nyumbani, hakupoteza fahamu na hajisikii chochote, mara nyingi hupimwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini hawa waje bila kusubiri asubuhi: aliyezimia, aliyeshikwa akashindwa kuachia, mwenye kidonda chochote cha kuungua, mwenye moyo kwenda mbio au maumivu ya kifua, mwenye ganzi au maumivu makali ya mkono au mguu, mwenye mkojo mweusi au wa rangi ya chai, aliyeanguka, mjamzito hata kama hajisikii vibaya, mtoto aliyeungua mdomo, na yeyote aliyeguswa na umeme wa njia kubwa.

Mwambie daktari ukweli wote: alishika nini, kwa muda gani, alikuwa amelowa, alizimia au hapana. Wengine wanaficha kwa sababu walijiunganishia umeme bila utaratibu. Mimi si mkaguzi. Nataka kuokoa figo zako.

"Fundi mwenye leseni ni ghali"

Najua hoja hii, na siipuuzi. Bei ya nyanya ikishuka, kila shilingi ina kazi yake. Wapo mafundi wa mtaani wenye mikono mizuri, wengine wamesoma VETA, na wapo wanaojifunza kwa kubahatisha kwenye nyumba za watu. Leseni ya kazi hii hutolewa na EWURA. Muulize fundi wako maswali matatu bila aibu: Leseni yako iko wapi? Utaipima ethi kwa kifaa? Utanifungia RCD ya miliampia 30 na kunionyesha ikikata? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Anayekasirika amekujibu.

Kama fedha haitoshi kusuka nyaya upya, fanya kwa mafungu. Fungu la kwanza ni RCD na ethi. La pili ni nyaya zilizochubuka na viungio vya kusokota. Vyumba vipya vifuate. Majirani watatu au wanne wanaweza kumuita fundi mmoja siku moja akakagua nyumba zote, kama mnavyochangiana mashine ya kupulizia dawa. Na viongozi wetu wa vijiji na mitaa, mnapoitisha mikutano kabla ya mvua, tengeni nusu saa: fundi aonyeshe kitufe kile, na mhudumu wa afya aonyeshe kukandamiza kifua. Mkinialika, nitakuja.

Nyumba yako ilikaguliwa siku ilipounganishwa umeme. Kila ulichoongeza baada ya hapo, hakuna aliyekuja kukiangalia isipokuwa wewe. Sitaki tena kumuuliza mtu aliyesindikiza maiti ya kijana kama kuna aliyemkandamiza kifua.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili kabla ya kununua rangi. Bonyeza kile kitufe chenye herufi T. Halafu andika ukutani, karibu na mita, namba ya dharura ya TANESCO, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa maandishi makubwa ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyasoma.

Tukutane wiki ijayo.